Aliyeletwa na Upepo Halipi

Mwaka huu watu wa bichi yetu ya Sori walinichagua kuwa msimamizi wa gati mpya, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuandika ubao wa bei. Ubao wenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa kwenye nguzo, kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye brashi na akili timamu. Mimi ulinichukua majuma matatu. Bei ya boti ya mgeni kulala gatini usiku mmoja tulikubaliana haraka. Bei ya kupakua mzigo, haraka vilevile. Kilichotukwamisha ni mstari mmoja tu: boti iliyokimbia dhoruba ikaingia kwetu kujiokoa, ilipe kama wengine au ilale bure? Nusu ya kamati walisema ilipe, kwa sababu nguzo ni zile zile na mlinzi ni yule yule. Mimi nilisema ilale bure. Mwenyekiti akaniuliza sheria hiyo nimeitoa wapi, nikamjibu kwamba nimeitoa kwa Karani.

Hakuna aliyeuliza Karani yupi. Mtu yeyote wa upande wetu wa Migori aliyewahi kupeleka mzigo Homa Bay kwa maji anamfahamu mama yule, na wengi wetu tumewahi kumlaani akiwa ametupa mgongo. Jina analo, na nina hakika mume wake alilitumia, lakini sisi tulimwita Karani kana kwamba duniani kazi hiyo ilikuwa na mtu mmoja. Alikotoka sitaingia. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana kama ni Mkuria au ni Mjaluo aliyelelewa na Wakuria, na yeye mwenyewe amekaa pale pale anaandika risiti, asiwasaidie hata kwa neno moja.

Gati aliyoisimamia ilikuwa ndogo, mali ya ushirika mmoja, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Ilikuwa na nguzo za mkaratusi, mbao zilizolegea, na kibanda cha mabati chenye dirisha la kutolea risiti. Boti za wenyeji zilikuwa na mahali pao. Sisi wageni wa Sori, Muhuru na visiwani tulilipia kulala, kwa sababu ukifika jioni na mzigo huwezi kuuza hadi soko la asubuhi, na ziwa si mahali pa kuacha boti bila mtu wa kuitazama. Nililaza boti pale miaka kumi na minane.

Bei yake ilihesabiwa kwa kiatu. Boti ikishafungwa, Karani alitoka kibandani, akasimama juu ya gati sawasawa na omo, mbele ya boti, akaanza kutembea kuelekea tezi, nyuma yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa ncha ya kiatu cha mguu mwingine, polepole, akihesabu kwa sauti. Kila kiatu kilikuwa shilingi tano. Boti yangu ilikuwa viatu thelathini na tisa. Alinipima siku ya kwanza, na akanipima kila siku niliporudi, hata kama nilikuwa nimeondoka jana yake.

"Karani, boti haikui," nilimwambia siku moja, nikiwa na njaa na haraka.

"Boti haikui. Wenye boti ndio wanabadilika. Wiki iliyopita mmoja wenu alinilipa ya kaka yake, akaleta yake. Songa nipite."

Kwa ajili ya kipimo hicho alivaa kiatu cha aina moja miaka yote, cheusi, cha ngozi, cha kufunga kwa kamba. Mwenye duka la viatu mjini, Mwislamu mpole kutoka pwani ambaye tulimwita Sheikh ingawa hakuwa sheikh, alimwekea jozi moja kila Januari. Mwaka mmoja kiwanda kilibadilisha, Sheikh akampa jozi iliyokuwa fupi kwa upana wa kidole. Karani akaijaribu hatua mbili ndani ya duka, akavua. Alisema kiatu kifupi kitaongeza hesabu na wageni watalipia mahali ambapo hawakulalia. Akakaa wiki tano na viatu vilivyofunguka midomo, soksi zikilowa kila mvua inyeshapo, mpaka Sheikh alipompatia jozi ya zamani kutoka kwa mwenzake Kisumu. Yeye hakutueleza lolote. Ni Sheikh aliyenisimulia, na tangu siku hiyo nilipima maneno yangu kidogo kabla ya kumtukana.

Maana nilimtukana, sikatai. Karani alizungumza na mabaharia Kiswahili tu. Ungemsalimia kwa Dholuo, angeitikia kwa Kiswahili. "Hapa ni ofisi," alisema, akionyesha kibanda ambacho kuku watatu walikuwa wakitembea ndani. "Ofisini tunaongea Kiswahili." Mimi nikadhani Dholuo hakijui. Mwaka wangu wa pili pale, alinikatalia nafasi ya karibu na nguzo akampa mtu wa Mfangano, nami nikasimama nyuma yake nikammwagia Dholuo chote ambacho mama yangu alinikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa Dholuo safi kuliko changu, kwamba tusi la tatu nimeliharibu, halafu akarudi kwenye Kiswahili na kuniuliza kama nina pesa ndogo ndogo. Ouma, fundi wangu wa injini, alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili kusikia Dholuo kinywani mwake ilikuwa miaka mingi baadaye, nilipofika na utepe mweusi mkononi kwa sababu mama amefariki. Aliacha kuhesabu viatu, akanishika bega na kusema, "Mos, nyathina," yaani pole, mwanangu. Kisha akaanza upya kuhesabu kutoka omo, maana alikuwa amesahau namba.

Sasa sheria yenyewe. Hakuiandika popote. Aliisema tu kwa kila mgeni mpya: "Aliyeletwa na upepo hakuja mwenyewe, na asiyekuja mwenyewe halipi." Boti iliyofukuzwa na dhoruba ililala bure, ikapewa na nafasi ya ndani, ile iliyokingwa. Na mabaharia ni watu gani wakisikia neno bure? Ghafla ziwa lote likawa na dhoruba. Watu walitokea kwenye maji matulivu kama ya beseni, wakishika vifua na kupumua kwa shida.

Mimi na Ouma tulijaribu. Kabla ya kuizunguka rasi tuliteka maji kwa kopo tukaijaza boti hadi vifundoni, tukalowesha tanga, tukajimwagia sisi wenyewe, tukaingia tumekunja nyuso. Karani akatazama boti, akatazama tanga, akatutazama sisi.

"Ouma, lete unga."

Ouma akaleta ndoo ya unga wetu wa ugali. Karani akafungua, akachovya kidole. Ulikuwa mkavu, kama ulivyotoka posho mill.

"Wimbi liliingia kwenye boti," akasema, "likalowesha tanga, likawalowesha nyinyi, likaruka unga. Viatu thelathini na tisa."

Mtu mwenye akili angekoma. Sisi mwezi uliofuata tulilowesha hata unga. Karani akachovya kidole, kikatoka na donge. "Poleni sana," akasema, na kwa kweli uso wake ulikuwa na huruma. "Mmeletwa na upepo. Hamlipi." Tukaanza kukunja kamba kwa furaha ya wajinga. "Lakini unga uliolowa hauoni kesho, utachacha. Upikeni wote sasa."

Ulikuwa unga wa siku nne. Karani akaleta kiti chake, akaketi mbele ya jiko letu. Tulisonga sufuria moja, tukala. Tukasonga ya pili. Mboga ilikuwa imeisha kwenye ya kwanza. Katikati ya sufuria ya tatu Ouma akanong'ona, "Karani, tafadhali, tulipe tu." Akakataa kabisa. Alisema hawezi kuchukua pesa ya watu waliookoka majini, si haki. Unga ule ulitugharimu zaidi ya malazi ya siku mbili, na Ouma hakugusa ugali mpaka Jumapili.

Lakini dhoruba ya kweli ilipokuja hakuuliza unga. Jambo moja nililochelewa kugundua ni kwamba mama huyu aliogopa maji. Hakuwahi kukanyaga ndani ya boti, hata iliyofungwa. Siku za kawaida hakupita tezi ya boti ya mwisho, na ukimwalika aje aone kitu upande wa mbele ya gati alikutuma wewe ukione umwambie. Samaki pia hakula. Tulimtania kwamba tumepata karani wa gati anayeishi kwa maziwa na nyama, akajibu kwamba hata askari jela halali kwenye seli. Na hali ya hewa, ee Mungu, aliitabiri kila asubuhi kwa uhakika mkubwa na hakupatia hata mara moja. Akisema kutakuwa shwari tulifunga turubai.

Siku moja upepo ulitukuta karibu na mlango wa ghuba, saa tisa mchana na mbingu imekuwa nyeusi. Injini ilikufa, tanga likachanika, Ouma akakumba maji mpaka mikono ikamtoka damu. Sikuona gati, sikuona hata mlima. Nilichoona ni kitu cha manjano kikipepea, na kilikuwa jaketi la mvua la Karani, aliyesimama kwenye ubao wa mwisho kabisa mawimbi yakimpiga magotini, amejifunga kiunoni kwa kamba kwenye nguzo. Alitupa kamba nyingine, ikaanguka majini. Akaivuta, akatupa tena. Ya tatu niliidaka. Boti ilipokwisha kufungwa, nilimwona anakaa kwenye mbao na kutapika kwa woga. Kisha akasimama, akaenda ubao wa mwisho kungojea boti nyingine, kwa sababu alikuwa ameiona moja zaidi nyuma yetu. Nilimpenda siku hiyo jinsi mtu anavyompenda mama yake mdogo, na sikumwambia.

Alikuwa na haki ya kipekee, yenye kona zake. Mwaka ambao magugu maji yalifunga ghuba, boti zikanasa gatini siku kumi haziwezi kutoka, wageni walikuja na hoja kwamba magugu huletwa na upepo, kwa hiyo nao wameletwa na upepo. Karani alifikiri mchana mzima. Jioni akatoa hukumu: upepo umeleta magugu, lakini nyinyi mlikuja wenyewe, basi mlipe nusu. Hakuna aliyeridhika, lakini walilipa.

Wakati mwingine walifika Wazungu wawili, mume na mke, kwenye mashua nyeupe ya tanga iliyong'aa, wakizunguka ziwa. Walitaka kujua bei ya usiku mmoja, pamoja na umeme, maji ya moto na ulinzi. Karani akawaonyesha beseni na mlinzi. Kisha akawapima. Mzungu alimtazama akitembea kisigino kwa ncha, akafurahi sana, akasema kwao pia chombo hulipia urefu wake, ila bei ya usiku mmoja huko ingemnunulia ng'ombe hapa. Alitoa noti ya elfu na kusema abaki na chenji. Karani alifunga kibanda, akaenda mpaka mjini kutafuta chenji, akarudi baada ya saa moja na kumhesabia mkononi mpaka shilingi tano ya mwisho. Aliniambia baadaye, "Nikichukua ya huyu, kesho nitakutazama wewe na kuona umenipunja."

Sitaki kumfanya malaika. Kuna jambo moja aliloniudhi nalo miaka mingi. Boti ya watu wa Muhuru ililala pale na jeneza, wanampeleka kijana wao nyumbani kuzikwa. Hawakuwa na kitu, walikuwa wamemaliza kila senti kwa matibabu. Kila mtu gatini alijua Karani atawaachia. Akawapima. Viatu arobaini na moja. Mzee wao akamwambia, "Mama, tuna maiti," naye akasema hakuna dhoruba, sheria ni ya upepo. Tulichanga sisi mabaharia, tukalipa, tukamtemea mate chini mbele ya dirisha. Wiki iliyofuata nikasikia alikwenda mazishini Muhuru kwa barabara, akabadilisha gari mara tatu, akapika siku mbili na wanawake wa pale. Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilijiuliza ni mtu wa aina gani anayeweza kulia kwenye kaburi la mtu aliyemtoza malazi.

Miaka mitano iliyopita ushirika ulimstaafisha. Wageni tulimnunulia saa ya ukutani, akatuuliza tumeinunua bei gani, akasema tumepunjwa. Akahamia Kosele, kwenye soko, kuuza nafaka. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana nadhifu mwenye mashine ya risiti mkononi. Viatu vikaisha, bei ikawa moja kwa boti zote, na tulisema afadhali. Nilikuwa mmoja wa waliosema afadhali.

Kisha ikaja siku ya Ochieng, mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nimemwachia njia ile ya Homa Bay baada ya magoti yangu kukataa. Alitoka na vijana wawili na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, upepo ukamshika mlango wa ghuba kama ulivyonishika mimi, akafika gatini mikono mitupu, hajauza kitu, simu imelowa. Kijana wa mashine alimwambia alipe ndipo afunge. Hakumfukuza kwa ubaya. Mashine yake haina kitufe cha upepo, na asubuhi huhesabiwa boti na risiti. Ochieng ana kichwa kigumu, kichwa cha kwetu. Akasema basi atalala nje, akaenda kutia nanga nyuma ya mawe. Kabla ya giza boti ilikuwa vipande vipande. Waliogelea wote watatu wakishikilia madumu matupu, Mungu ni mwema, lakini boti ile tuliijenga miaka miwili na haikubaki ubao wa kuwashia moto. Sasa Ochieng yuko Masara, anachimba dhahabu kwenye mashimo ya watu, na dada yangu huniuliza kila akiniona kama shimo ni salama kuliko ziwa.

Ndiyo sababu mstari ule mmoja kwenye ubao wetu haukuwa mchezo kwangu. Kura ilikuwa Ijumaa. Jumanne nilipanda gari kwenda Kosele, nikiwa na hoja yangu moja niliyoiona haina tundu: kwamba gati ya Homa Bay ililaza boti za dhoruba bure miaka yote ya Karani, na haikuanguka. Nilitaka tu anipe ruhusa ya kutumia jina lake.

Nilimkuta amekaa kati ya magunia ya maharagwe, anapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, na kusawazisha juu kwa kiganja. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitazama kwa muda, nikadhani amenisahau.

"Thelathini na tisa," akasema. "Karibu. Ouma yuko?"

"Yuko, Karani. Ana wajukuu."

"Unga wao ni mkavu?"

Tulicheka. Akanipa kiti na chai, akahudumia wateja wawili, akanisikiliza. Nilimweleza habari ya Ochieng, kamati, ubao na kura. Nilipofika kwenye hoja yangu ya gati iliyolaza watu bure bila kuanguka, aliweka gorogoro chini.

"Nani alikwambia ilikuwa bure?"

"Wewe mwenyewe. Ulitulaza bure."

"Nyinyi hamkulipa. Sikusema haikulipwa." Akapangusa kiganja kwenye leso. "Ushirika haukupitisha kitu kama hicho hata siku moja. Asubuhi alikuja mtu, akahesabu boti, akahesabu risiti. Boti kumi, risiti kumi. Unafikiri pesa ya hiyo risiti ya kumi ilitoka wapi?"

Sikuelewa. Ninaona haya kusema, lakini sikuelewa, mpaka aliponitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaa darasa moja miaka miwili.

"Nilikuwa na mshahara," akasema. "Ama ulidhani nilikuwa nalishwa na wale samaki?"

Nilikaa pale na kikombe mkononi. Niliwaza zile dhoruba zote, boti sita, boti nane kwa jioni moja, kila moja viatu vyake. Niliwaza waongo waliopita, maana si kila mtu alikutwa na unga. Nikamuuliza ni pesa ngapi kwa jumla, akasema hakuandika, angeandika angeacha. Nikamkumbusha kwamba binti yake alikuwa shule ya bweni kule Asumbi miaka hiyo, karo ikimngoja.

"Ilikuwa inangoja," akasema. "Mwezi mwingine alirudishwa nyumbani, mwezi mwingine hapana. Ule mwezi wa watu wa Muhuru, wenye maiti, dhoruba zilikuwa nne. Sikuwa na hata ya sabuni. Ningewaachia, ningetoa wapi?"

Hapo nililia. Mtu mzima, sokoni, mbele ya wauza nyanya. Nilimwambia kwamba nilitema mate mbele ya dirisha lake siku ile. Akasema aliona, na kwamba mate yalikauka.

"Kwa nini hukusema, Karani?"

"Ningesema kwa kamati ya ushirika, wangekataza. Ningesema kwenu, mngeona haya kuingia, mngebaki nje mfe na heshima yenu. Nawajua." Alichukua gorogoro, akaligeuzageuza. "Lakini nilikosea. Nimekaa hapa miaka mitano nikifikiri nilifanya vizuri, na wewe leo umeniletea habari ya huyo kijana. Kitu nilichokifanya kilikuwa changu peke yangu. Nilipotoka nilitoka nacho. Hakuna aliyejua kuna kitu cha kubaki. Huyo Ochieng ni mimi nilimwacha nje."

Nilikataa. Nilimwambia asijibebeshe mzigo huo, nikaanza kutaja watu aliowaokoa, nikianza na mimi.

"Usinipake mafuta," akasema. "Uliza ulichokuja kuuliza."

Nikauliza nitawaambia nini Ijumaa, maana hoja yangu yote ilikuwa imekufa pale kwenye maharagwe. Akafikiri. Mteja alikuja, akampimia gorogoro mbili, akarudi kwangu.

"Usiende kuwaambia ni bure. Hakuna kitu cha bure majini. Waambie ina gharama, na uwaambie ni ngapi. Kisha uwaambie kila boti inayolala siku ya shwari iongeze shilingi kumi, ziwekwe kando, zilipie zile za upepo. Waseme ndiyo ama hapana wakiwa macho. Wakisema ndiyo, wewe ukifa kesho itabaki."

Ijumaa nilisimama mbele ya kamati, watu kumi na watatu kwenye viti vya plastiki. Sikusema ni bure. Niliwaambia kila kitu: risiti ya kumi, karo ya Asumbi, jeneza la Muhuru, boti ya Ochieng. Kisha wakabishana saa mbili, maana ni kamati. Mmoja alisema watu watadanganya, nikamwambia watadanganya, mimi mwenyewe nilidanganya. Mwingine alisema shilingi kumi ni nyingi. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Tisa wakakubali, wanne wakakataa, na jioni ile ile nikaandika mstari kwenye ubao kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Nilimpigia Karani simu nikiwa bado nimeshika brashi. Nilimwambia imepita. Nikasikia kelele za soko nyuma yake, na mtu anauliza bei ya njugu.

"Wangapi walikataa?"

"Wanne."

"Unawajua?"

"Nawajua, Karani. Wana boti, wote wanne." Nilikuwa bado na hasira nao, na nilitaka ajue.

"Sawa," akasema. "Siku upepo ukiwaleta, nenda uwashikie kamba wewe mwenyewe. Uwape ile nafasi ya ndani. Na usiwakumbushe."